Programu za kiharusi kwenye gari la wagonjwa: niliyobaki nayo na nilizozifuta

Kwenye simu yangu kulikuwa na programu nne za kiharusi. Mbili nimezifuta, moja nimeihamishia kwenye kazi nyingine, na moja ningemshauri kila nesi na kila tabibu wa kituo cha afya aipakue leo kabla bando halijaisha. Mwenye haraka jibu ndilo hilo: MDCalc. Anayetaka kujua kwa nini naipa nyota tatu na nusu badala ya tano, tuendelee.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya huku Masama, wilaya ya Hai. Mgonjwa akituzidi tunampa rufaa, na mara nyingi mimi ndiye ninayepanda naye gari. Tunashuka na migomba mpaka Kwa Sadala, tunaingia lami ya Arusha–Moshi, tunakunja kushoto, safari ya hospitali ya rufaa ya KCMC hiyo. Ndani ya gari tunakuwa dereva, mgonjwa, mimi, na ndugu wawili watatu ambao hawashuki hata uwasihi vipi. Taa ya ndani ni hafifu, glavu ziko mkononi, mtandao unakuja na kupotea kila kona, na simu yangu ni Tecno yenye ufa pembeni mwa skrini. Nimezipima programu hizi humo. Zinavyofanya kazi mezani kwa daktari mwenye feni na kompyuta, huko wenyewe watasema.

Kwa anayedhani kiharusi ni ugonjwa wa wenye magari makubwa: hapa hapa Hai kulifanyika utafiti mkubwa wa kiharusi katika jamii, sambamba na Dar es Salaam, kati ya mwaka 2003 na 2006. Ukisawazisha umri, Hai ilipata wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar 315.9. Ndiyo, Dar walituzidi karibu mara tatu. Lakini wazee wa Dar wakistaafu wanarudi wapi? Wanarudi kihambani, na presha zao.

Tuanze na MDCalc. Ni mkusanyiko wa vikokotoo vya kitabibu, ulianza mwaka 2005, na kiharusi ni sehemu ndogo tu ya vilivyomo. Kupakua ni bure, ila lazima ujiandikishe kwa barua pepe. Ukishamaliza hapo inafanya kazi bila mtandao, na kwangu hilo peke yake ni nyota mbili. Unagusa jibu, alama zinajijumlisha zenyewe, na kila swali lina maelezo mafupi ya namna ya kupima. Hakuna picha za ubongo unaowaka moto, hakuna muziki.

Ndani yake kuna NIHSS, kipimo maarufu cha ukali wa kiharusi chenye alama kutoka 0 hadi 42. Madaktari wa mishipa ya fahamu wanakipenda, na ukimkabidhi mgonjwa ukataja NIHSS wanakusikiliza kwa sikio jingine. Garini hakifai. Ni kirefu, ukikijaza kwa haki, unakuta mmeshavuka Weruweru wewe bado uko kwenye maswali ya miguu. Tena kipimo chenyewe kina picha rasmi ambayo mgonjwa anatakiwa aieleze: jiko la Kimarekani, mama anaosha vyombo maji yanafurika kwenye sinki, watoto wanaiba biskuti kabatini. Bibi wa Masama jiko lake lina mafiga matatu. Akishindwa kueleza sinki linalofurika, nimpe alama ya kiharusi?

Ninachokitumia ni RACE, kipo humo humo. Kilitengenezwa Catalonia, Uhispania, kikachapishwa mwaka 2014. Uso, mkono, mguu, macho na kichwa vimegeukia wapi, kisha lugha au kujitambua upande ulioathirika. Alama ni 0 hadi 9. Ikifika 5 na kuendelea unashuku kwamba mshipa mkubwa wa ubongo umeziba. Nakimaliza kabla dereva hajawasha gari, na hapo ndipo pa kukifanyia, kitandani, mgonjwa akiwa ametulia. Kwenye mwendo, mkono ulioinuliwa kupimwa unashuka hata kwa mtu mzima wa afya.

Sasa, namba ile ni ya nini hasa? Waliobuni vipimo vya namna hii walikuwa na swali moja: mgonjwa apelekwe hospitali ya karibu, au ile ya mbali yenye wataalamu wa kuvuta bonge la damu kwa waya? Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu programu ya simu iliyoitwa FAST-ED. Unajibu maswali machache kuhusu umri, saa, dawa za kuzuia damu kuganda na dalili, nayo inaangalia mahali ulipo na kukuchagulia hospitali. Kwa mji wenye hospitali kumi zinazopokea kiharusi, ni akili nzuri. Kwangu mimi barabara ni moja na inashuka.

Moja ya programu nilizofuta ilikuwa ya ukoo huo. Jina nalihifadhi. Iliomba ruhusa ya kujua nilipo, ikazunguka, ikazunguka tena, halafu ikanionyesha ramani yenye hospitali za bara jingine kabisa na dakika za kufika. Dereva wetu alichungulia akaniuliza, "Sister, tupitie wapi?" Tulicheka mpaka ndugu za mgonjwa wakatutazama vibaya, na walikuwa na haki.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa programu hizi hawapendi kulisema kwa sauti. Kule kule Catalonia walifanya jaribio kubwa, likatoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2022: wagonjwa wenye RACE ya 5 au zaidi, wengine wakapelekwa moja kwa moja kwenye hospitali ya kuvuta mabonge, wengine hospitali ya karibu kwanza. Baada ya siku 90 hali zao hazikutofautiana. Hao ni watu wenye magari ya wagonjwa kila mtaa. Kwa hiyo alama sizitumii kuchagulia njia. Nazitumia kwenye simu, ninapompigia daktari wa zamu kabla hatujaondoka: "Nina baba wa miaka sabini na kitu, RACE sita, kulia mkono na mguu, macho yamegeukia kushoto, mara ya mwisho mzima saa fulani, sukari sita nukta moja." Sentensi hiyo inamfanya mtu wa upande wa pili aache alichokuwa anafanya. "Nina mgonjwa amepooza" haimfanyi.

Tuje kwenye saa, maana huku ndiko programu zinakoshindwa na watu wa huku.

Programu ya pili niliyoifuta, nayo jina nalihifadhi maana nia yao ilikuwa njema, inauliza swali bora kuliko yote: mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Ukishaandika, inahesabu kurudi nyuma na kukupa rangi. Kijani, bado muda upo. Nyekundu, muda umepita. Msingi wake ni wa kweli: dawa ya kuyeyusha bonge la damu ilionekana kusaidia ikitolewa ndani ya saa tatu, utafiti wa mwaka 1995, kisha utafiti wa mwaka 2008 ukasogeza mpaka saa nne na nusu. Dawa yenyewe ni ghali na haipo kila mahali, lakini daktari hawezi hata kuanza kuiwaza kama hajui saa.

Siku moja nilikuwa nimeshika mkono wa mzee natafuta mshipa, nikamwambia kijana wake, msomi kabisa, anaandika hesabu za kampuni Arusha, aniwekee ile saa. Mama yake alikuwa amesema mzee alikunywa chai saa moja akiwa mzima. Kijana akaandika 1:00. Wakati huo ilikuwa saa tatu asubuhi. Skrini ikawa nyekundu: masaa manane yamepita. Ukweli ni mawili. Saa sita za tofauti kati ya saa yetu na saa ya simu zinatosha kumtoa mtu kwenye matibabu, na ile programu haikuwa na hata mstari mmoja wa kuuliza "asubuhi au usiku?" Ilimezea tu. Kijana naye hakukosea. Ndivyo tunavyotaja saa tangu tuzaliwe. Mtengenezaji yeyote anayetaka programu yake itumike Tanzania aweke "saa moja asubuhi" kwa maneno, kisha simu yenyewe igeuze kuwa 07:00 kwa ajili ya fomu ya hospitali. Si kazi ngumu.

Na bado hujapata saa yenyewe, maana ndugu hawakwambii saa aliyoonekana mzima. Wanakwambia saa waliyomkuta. Ni vitu viwili tofauti na sijaona programu inayokusaidia kuvitenganisha. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mama, pole sana. Imeanza lini?"

"Leo asubuhi, sister. Saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili alikuwa anaongea?"

"Aa, nilimkuta hivyo hivyo. Amelala, mdomo umekwenda upande."

"Jana usiku je?"

"Jana tuliangalia taarifa ya habari, akazima televisheni mwenyewe, akasema anakwenda kulala."

Basi hapo ninachoandika ni saa mbili na nusu usiku wa jana, 20:30, wala si saa kumi na mbili asubuhi. Taarifa ya habari, kengele ya kanisa, muda wa kukamua, watoto kutoka shule: hizo ndizo saa za kijijini, na zina uhakika kuliko saa ya ukutani iliyokwisha betri. Ningependa kuona programu inayouliza: nani alikuwa wa mwisho kuongea naye akamjibu vizuri? Walikuwa wanafanya nini?

Lugha nayo. Kipimo cha Cincinnati ndicho mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, wale wanaokusanya na kuchambua tafiti za kitabibu, yalichokipendekeza kwa kazi ya nje ya hospitali, kwa sababu kinawanasa wagonjwa wengi zaidi. Ni uso, mkono, maneno, basi. Ila kwenye maneno programu nyingi zinakupa sentensi ya Kiingereza ya mbwa mzee asiyefundishika. Hiyo nimeitupilia mbali, natumia "Leo asubuhi nimekunywa chai na mkate", namwomba arudie. Kigumu zaidi ni salamu. Unaingia, unasema "Shikamoo, babu," naye anaitika "Marahaba," safi kabisa, sauti nzito, ndugu wote wanashusha pumzi: anaongea! Subiri kwanza. Maneno ya mazoea kama salamu, kuhesabu, sala, yanaweza kubaki hata pale sehemu ya lugha ya ubongo imeumia. Mwonyeshe kijiko, umuulize hiki ni nini. Mwonyeshe funguo za gari. Nimewahi kuona mzee anaitikia marahaba zote za chumba kizima, kisha akakiangalia kijiko kana kwamba hajawahi kula uji maishani mwake. Huyo RACE yake haikuwa sifuri. Na kwa wazee ambao Kiswahili chenyewe walikijua ukubwani, namwomba binti au mkwe azungumze nao Kimachame, aniambie kama ni sauti ile ile na maneno yale yale. Hakuna kipimo kinachomzidi mke wa miaka hamsini ya ndoa kwa kujua kama mume anaongea ovyo.

Sukari sasa. Hapa sina utani.

Kipimo cha Los Angeles, kile kinachoitwa LAPSS, kina jambo la maana ambalo vingine vingi havina: kabla hujasema kiharusi, pima sukari, na iwe kati ya 60 na 400. Ikiwa chini ya hapo, huenda unachokiona ni sukari kushuka imevaa nguo za kiharusi. Shida ni kwamba 60 na 400 ni za kipimo cha Wamarekani, miligramu kwa desilita. Vipimo vyetu vya vituoni vinasoma milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18: mipaka hiyo ni 3.3 na 22.2. Ile programu ya rangi ilikuwa na kisanduku cha sukari kisichosema kinataka kipimo kipi. Niliijaribu nikiwa nimekaa tu, nikaandika 5.4, sukari ya mtu mzima mwenye afya njema, ikanipigia kelele kwamba mgonjwa anakufa. Nikaandika 110 ikatulia. Siku hiyo hiyo nikaifuta.

Kwa nini nasema sina utani? Bibi mmoja mwenye kisukari aliletwa na Noah ya jirani, mkono wa kulia umelegea kabisa, maneno hayaeleweki. Watoto walikuwa wameshaanza kupiga simu Dar kwamba mama ameondoka. Alikuwa amekunywa kidonge chake cha sukari cha asubuhi, glibenclamide, halafu hakula, alikuwa na kichefuchefu. Kipimo kikasoma 2.3. Tukamwekea glukosi ya mshipani, na kabla dereva hajamaliza kugeuza gari bibi alikuwa anauliza nani amemvua kilemba. Tulimpeleka hospitali hata hivyo, maana kidonge kile kinaweza kumshusha tena baada ya saa kadhaa, lakini aliondoka amekaa, anawapangia watoto nani abaki na ng'ombe. Kama stripu za sukari zimeisha kituoni kwako, usiniulize programu ipi ni nzuri. Nenda kapiganie stripu.

Vikokotoo sivilaumu kwa kutonieleza la kufanya, kazi yake ni kukokotoa. Lakini zile mbili nilizozifuta, zilizojitangaza kuwa mwongozo wa dharura, sikuona popote kwenye skrini ya mwanzo maneno haya: usimpe kitu chochote mdomoni. Huku kwetu mgonjwa akilegea kitu cha kwanza ni maziwa, au maji ya sukari, au kijiko cha mafuta aliyoyaombea mtu fulani, na yote yanaingia mapafuni. Wengine wanampa aspirini kwa sababu wamesoma mahali. Kabla ya CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa, hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na uliopasuka hautaki aspirini. Na presha: ndugu akiona 200 kwa 110 anataka ishushwe pale pale, hata kwa kidonge chini ya ulimi. Ubongo uliokosa damu unaitegemea presha hiyo kwa muda. Waachie hospitali waamue. Mistari hiyo mitatu, kwa herufi kubwa, ingeniuzia programu yoyote ile.

Kuna habari nilizisoma za programu ya FAST.AI, inayotumia kamera ya simu kuangalia uso, vitambuzi vya mwendo kupima mkono na kipaza sauti kusikiliza maneno. Iliripotiwa kujaribiwa kwa wagonjwa karibu 270 huko Bulgaria kati ya 2021 na 2022: uso ikaupata karibu mara zote, mkono zaidi ya theluthi mbili. Sijaishika mkononi kwa hiyo siipi nyota. Ninachowaza tu ni wazee wangu wasio na meno upande mmoja, na taa ya koroboi. Halafu picha ya uso wa mgonjwa inakwenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na bado naona video za watu waliolegea midomo kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo kabla mgonjwa hajafika hospitali. Nesi naye anaweza kujikuta ameituma.

Ile niliyoihamisha ni Stroke Riskometer, ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Auckland, New Zealand, ilitoka mwaka 2014. Haipimi mgonjwa aliyeanguka. Inamwambia mtu mzima uwezekano wake wa kupata kiharusi miaka mitano na kumi ijayo, kwa umri, presha, sigara, sukari na mengineyo. Garini ni mzigo. Kliniki ya presha ni silaha. Baba aliyekataa vidonge mwaka mzima kwa sababu "sijisikii kuumwa" anakaa mbele yangu, tunajaza pamoja, anaona namba yake na namba ya mtu wa rika lake asiye na presha, kisha anauliza mwenyewe, "Hivi vidonge vinanywewa asubuhi au jioni?" Siiwekei nyota kwenye orodha hii maana si mashindano yake.

Kwa hiyo MDCalc nyota tatu na nusu. Imekatwa kwa sababu Kiswahili hakimo na wahudumu wengi wa ngazi ya jamii hawataweza kuisoma, na kwa sababu saa ya mwisho kuonekana mzima inabidi uiandike kwingine. Mimi naiandika kwenye plasta. Nakata kipande kipana, nakibandika kifuani juu ya shuka, kalamu ya wino mzito: MZIMA 20:30 JANA. SUKARI 6.1. RACE 6. Fomu ya rufaa inaweza kubaki mfukoni mwa shemeji aliyekwenda kutafuta maegesho. Plasta inaingia na mgonjwa mpaka kwenye mashine.

Ukiipakua, jiandikishe ukiwa kwenye mtandao mzuri, usisubiri zamu ya usiku. Itafute RACE, iweke kwenye vipendwa, ijaribu kwa mwenzako mzima wa afya mara chache mpaka kidole kijue njia. Na namba ya simu ya idara ya dharura mnakopeleka rufaa iwe imehifadhiwa kwenye simu ya dereva pia, maana yako itazimika chaji siku ile ile.

Jambo la mwisho ni kwa vijana wa programu, hasa nyie wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, jirani zetu. Mfumo wa m-mama mnaujua: mama mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, mtu anapiga 115 bure, na gari la wagonjwa lisipokuwepo anatumwa dereva wa kijijini hapo hapo, akilipwa. Wagonjwa wa kiharusi wanapanda magari ya namna hiyo hiyo, Noah na bajaji, bila nesi yeyote ndani. Tengenezeni skrini moja ya Kiswahili kwa ajili ya dereva na ndugu: uso, mkono, maneno, saa ya mwisho kwa saa yetu, usimpe kitu mdomoni, na kitufe cha kupiga hospitali. Ifanye kazi bila bando. Nitailipia hata elfu mbili kwa mwezi, ila iwe kwa M-Pesa; kadi ya benki ya kununulia vitu mtandaoni sina.